Mbawakawa ndani ya kaharabu: tumbo kwanza, jina baadaye

Mbawakawa aliyenaswa na utomvu mara nyingi huonekana vizuri mgongoni, na hapo ndipo wengi hukimbilia kumpa jina la spishi mpya. Mgongo hautoshi. Familia yake huamuliwa zaidi na tumbo, nyonga za miguu ya nyuma, vipapasio na nyayo. Asiyeviona hivyo hajawa na spishi mpya, ana picha nzuri tu.

Kwanza hakikisha jiwe ni kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogeuka jiwe. Kongo yetu ina sandarusi nyingi, utomvu wa mti Guibourtia demeusei wa misitu ya mabwawa, na wakati wa ukoloni ilikuwa bidhaa kubwa ya kuuzwa nje. Inafanana sana na kaharabu, lakini bado ni changa. Weka tone la asetoni kwenye pembe iliyo mbali na mdudu, ngoja sekunde chache, kisha gusa: sandarusi hunata, kaharabu hubaki kavu. Maji ya chumvi (gramu 23 katika mililita 200) hukamata kioo na plastiki nyingi kwa kuwa huzama, lakini hayatenganishi kaharabu na sandarusi, kwani zote mbili huelea. Mdudu wa sandarusi anastahili kuchunguzwa pia, ila mlinganishe na spishi zinazoishi leo.

Uliza pia jiwe limetoka wapi. Kaharabu ya Kachin, Myanmar, ina umri wa miaka milioni 99 hivi. Ile ya Baltiki, Ulaya, ni ya Eosini, enzi iliyokuja baada ya dinosauri kutoweka, na mara nyingi hubeba nywele ndogo za mwaloni zenye umbo la nyota. Jiwe lisilo na karatasi za asili yake halifai kuandikiwa makala ya kisayansi ya kutangaza spishi, hata likiwa na mdudu wa ajabu.

Kazi inayoharibu vielelezo vingi ni kusugua. Tumia msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari, unaopatikana hata sokoni Kadutu, Bukavu. Anza na namba 600 ikiwa kuna kingo za kuondoa, kisha 1000, 2000, 3000, na umalizie kwa kitambaa cha pamba chenye dawa ya meno. Lowesha maji muda wote. Mashine ya kuzunguka kasi huleta joto, na joto hupasua kaharabu. Kabla ya kubadili namba, osha jiwe, vidole na meza: chembe moja ya 600 ikibaki kwenye msasa wa 2000 itachora mstari juu ya kichwa cha mdudu, na utalazimika kurudi nyuma na kupoteza unene usioweza kuurudisha. Fungua madirisha mawili bapa (nyuso laini za kutazamia), moja sambamba na mgongo, jingine sambamba na tumbo. Kila baada ya misuguo michache tazama jiwe kwa upande, na usikaribie mdudu kwa chini ya nusu milimita. Ukigusa ncha ya mguu, hewa na maji vitaingia mwilini na sura itaanza kuharibika.

Chini ya hadubini, dondosha gliserini ya famasia juu ya dirisha na ufunike kwa kioo chembamba. Mikwaruzo midogo hutoweka na mwanga hauchezi tena. Piga picha 30 hadi 80 ukishusha fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. Kikombe cheupe cha plastiki kilichokatwa kitako kikizungushiwa jiwe hulainisha mwanga kuliko taa ya bei ghali. Osha gliserini kwa maji na sabuni laini, kamwe si kwa alkoholi.

Sasa hesabu. Vipapasio vya mbawakawa wengi vina pingili 11. Pungufu yake ni alama, au ni pingili iliyofichwa na kiputo. Vijiungo vya nyayo viandike kwa mpangilio wa miguu ya mbele, kati na nyuma: 5-5-5, 5-5-4 na kadhalika. Hapa ndipo kosa la kawaida lilipo: kwa jamaa za Cerambycidae (mbawakawa wa vipapasio virefu) na Chrysomelidae (mbawakawa wa majani), wayo huonekana una vijiungo vinne, kumbe cha nne ni kidogo mno na kimejificha ndani ya tundu la cha tatu. Angalia kama nyonga za nyuma zinagawanya pande la kwanza la tumbo. Zikifanya hivyo, uko kwenye Adephaga, kundi la mbawakawa ambao wengi wao ni wawindaji. Rangi usiiamini haraka, maana kaharabu huitia kahawia. Urefu wa kiungo kilichoinama kuelekea kwako pia ni mfupi kuliko ukweli, hivyo usiupime.

Kaharabu ya Baltiki mara nyingi hufunika tumbo kwa ukungu mweupe. Hauondoki kwa kusugua. Tafuta mshirika mwenye skana ya eksirei ya vitu vidogo (micro-CT), au andika wazi kuwa sehemu hiyo haionekani.

Makala yenyewe lazima itamke kwamba spishi ni mpya, itaje kwa maneno sifa zinazoitenga na jamaa zake, iteue holotipu moja (kielelezo kinachobeba jina la spishi), na iseme imehifadhiwa katika mkusanyo gani na mji gani. Sifa tatu zinazoonekana kwenye picha zako zinazidi kumi za kukisia. Jarida la mtandaoni pekee lazima lisajili makala ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapisha, na namba ya usajili ionekane ndani yake.

Jina la kumuenzi mwanamume humalizikia -i, la mwanamke -ae. Jina la mahali huchukua -ensis, ila jenasi (neno la kwanza la jina la spishi) ikiishia -um huwa -ense. Kistari cha juu cha ng' hakiruhusiwi. Na mbawakawa wa Baltiki usimwite kivuensis: msomaji atakayeona jina hilo atamtafuta kwenye miamba ya Kivu.

Jiwe lenyewe lihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, ndani ya sanduku la giza, mbali na dirisha, hasa miezi ya kiangazi hewa inapokauka. Namba ya mkusanyo iandike kwa wino wa kudumu kwenye lebo iliyo ndani ya mfuko, si juu ya sanduku peke yake.