Kuhusu ile michoro ya magari ya Wamarekani ya miaka ya 50: ilikuwa ya nini, na je, ununue?

Mleta mada umeuliza mambo mawili. Kwanza, yale magari ya kwenye michoro ya Detroit, mji wa kampuni za magari za Marekani, ya miaka ya 1950, yenye kuba la kioo badala ya paa na mapezi nyuma kama ya samaki, mbona hayakuwahi kuingia barabarani. Pili, umeona mchoro mmoja unauzwa mtandaoni, muuzaji anaapa kwamba ni orijino, na unataka kujua kama utoe hela. Mdau mmoja hapo juu ameshafunga mjadala kwa kusema wale jamaa walikuwa wanapiga kiki tu, wanachora wasichoweza kutengeneza. Hapo nikaona nisipite kimya.

Niko viunga vya Detroit, nafanya kazi kwenye duka la kutia picha fremu. Usanifu wa magari sijausomea. Ila huku familia nyingi za zamani zina babu au shangazi aliyekula mshahara wa kampuni ya magari, na mzee akishafariki wajukuu wanapanda darini, wanashusha maboksi, wanatuletea walichokikuta. Kwa hiyo michoro hiyo naiona bila kioo, mbele na nyuma, chini ya taa kali. Nyuma ndiko kwenye habari nyingi, nitafika huko.

Hadi miaka ya 1920 sura ya gari la kawaida la Marekani iliamuliwa na mainjinia na mafundi bodi. Mwaka 1927 kampuni ya General Motors (GM) wakaanzisha idara ya sanaa na rangi, wakamkabidhi Harley Earl, pande la mtu kutoka Hollywood, ambako alikuwa akiwaundia waigizaji wa sinema bodi za magari za kuagiza. Earl mwenyewe hakuwa mchoraji wa kutisha. Kazi yake ilikuwa kuchagua. Vijana wanachora, wanabandika ukutani, yeye anapita na wakubwa wenzake. Mchoro usiomsimamisha umekufa palepale. Unaomsimamisha unakwenda kwa mafundi wa udongo, wanaufinyanga mdogo kwanza, halafu saizi kamili ya gari. Kila chapa, iwe Chevrolet, Buick au Cadillac, ilikuwa na studio yake na kufuli lake, na wa chumba kimoja hakuruhusiwa kuchungulia cha mwenzake ingawa wote walilipwa na mwajiri mmoja.

Sasa jiweke kwenye viatu vya kijana aliyetoka chuo juzi, mchoro wake una sekunde chache za kutazamwa katikati ya ukuta mzima wa michoro. Utachora paa kwa kimo halisi cha mtu aliyevaa kofia? Thubutu! Unalishusha paa, unairefusha boneti, tairi unazikuza mpaka zinataka kutoboa bodi. Wakubwa walilijua hilo vizuri. Ni mapatano ya Kariakoo: muuzaji anataja elfu hamsini akijua atafurahi na ishirini na tano. Mwaka 1954 Earl alieleza bila kuficha kwamba kwa miaka 28 lengo lake kuu lilikuwa kulirefusha na kulishusha gari la Kimarekani. Akina dada na kaka waliokuwa chini yake walikuwa wanataja bei ya juu, na kila mwaka soko lilikuwa linasogea kidogo kuwafuata.

Kwa hiyo, mdau wa kiki, magari yale yaliingia barabarani, ila yaliingia kwa vipande. Chukua mapezi tu. Mwaka 1941 Earl na vijana wake waliruhusiwa kwenda kuitazama ndege ya kivita Lockheed P-38, ile yenye mikia miwili, kwenye uwanja wa jeshi wa Selfridge hapa Michigan. Wakarudi wakachora. Vita ilipokwisha, ule mkia ukajitokeza kwenye Cadillac ya 1948, kivimbe kidogo tu juu ya taa ya nyuma. Kisha Agosti 1956 mchoraji mmoja wa GM, Chuck Jordan, alitoka wakati wa chakula cha mchana, akapita na gari karibu na uwanja wa Chrysler, kampuni shindani, akachungulia uzio. Ndani zimepangwa Plymouth za 1957, chapa ya Chrysler, kazi ya timu ya mkuu wao wa usanifu, Virgil Exner: zimekaa chini kabisa, paa jembamba, mapezi yamesimama wima. Akarudi kuwaambia wenzake, nao wakaenda kuchungulia. Earl alikuwa safarini Ulaya. Kazi iliyokuwa imeshaanza kwa ajili ya magari ya 1959 ikawekwa kando, wakaanza upya wakiwa na hofu ya kweli. Cadillac ya 1959, yenye mapezi marefu kupita yote, ilitokana na ule uzio. Ukiniuliza mimi ni gari baya, limezidisha, lakini huwezi kusema halikutengenezwa.

Mengine yaliundwa moja moja kwa ajili ya maonyesho. Firebird III ya GM, 1958, ilikuwa na injini ya tabo ya gesi, ya aina ya ndege za jeti, na ilielekezwa kwa kishikio kimoja badala ya usukani. Lincoln Futura ya 1955, yenye makuba mawili ya plastiki angavu, iliundwa kwa mkono na Ghia, karakana ya bodi za magari kule Turin, Italia, na baadaye George Barris, fundi wa kugeuza magari, akaigeuza kuwa gari la Batman kwenye kipindi cha televisheni cha 1966, kwa hiyo wengi wenu mmeshaliona bila kujua. Ford Nucleon, lile la kubeba kinu kidogo cha nyuklia nyuma, liliishia mfano mdogo tu, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mchoro ulionishika zaidi aliuleta mama mmoja, kazi ya baba yake. Karatasi nyeusi, nzito. Kwa mbali unaona gari jekundu limeegeshwa usiku. Ukisogea, gari lenyewe halimo! Kuna mstari wa penseli nyekundu begani, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, umekolezwa katikati na kufifia kwenye ncha. Kuna chaki kidogo ya kijivu kwenye kioo cha mbele. Kwenye bampa kuna madoa ya rangi nyeupe nzito, yamewekwa kwa ncha ya brashi, nayo ndiyo kromu yote. Sehemu ya chini, milango, kivuli, vyote ni karatasi tupu ambayo haikuguswa. Yule mzee alichora mwanga tu, gari akamwachia mtazamaji alimalizie mwenyewe. Kwa mtu mwenye saa chache kabla ukuta haujakaguliwa, hiyo ni akili.

Mwingine ulikuwa kwenye karatasi angavu, ile ya wachora ramani. Mbele kuna mistari ya penseli peke yake, misafi. Nikaugeuza: upande wa nyuma kumepakwa chaki ya buluu kwa pamba, inapita kwenye karatasi na kutokea mbele ikiwa laini bila kuichafua mistari. Pembeni palikuwa na alama nzima ya kidole gumba, ya buluu. Ukiutia fremu kwa kuugandisha kwenye ubao, nusu ya mchoro umeiua.

Sasa habari ya mgongo wa karatasi. Michoro hii haikuwa mali ya mchoraji. Ilikuwa ya kampuni, na kwa kuogopa siri kuvuja, iliyokwisha kazi ilikuwa inaharibiwa. Sehemu kubwa ya iliyobaki kutoka kampuni kubwa ilitoka kimyakimya: ndani ya bitana la koti, chini ya boksi lenye kitako cha uongo. Ndiyo maana napokea karatasi zenye alama za kukunjwa mara nne, au kona ya saini imekatwa kwa wembe. Packard na Studebaker, kampuni ndogo zaidi za magari, ni habari nyingine kidogo. Packard walifunga kiwanda chao cha Detroit mwaka 1956, na Studebaker wakafunga cha South Bend, Indiana, mwishoni mwa 1963. Kampuni ikishakufa, hakuna tena wa kulinda siri zake. Na leo karatasi hizohizo zinatundikwa ukutani kwenye makumbusho: Detroit Institute of Arts walifungua maonyesho makubwa ya usanifu wa magari mwaka 2020, michoro ikiwa kando ya magari yenyewe.

Usidhani wote walikuwa wanaume wa Kizungu wenye tai. GM walimwajiri Helene Rother mwaka 1943 kubuni mambo ya ndani ya magari, na miaka ya 50 wakafuata kina Suzanne Vanderbilt na Ruth Glennie. Wengi wao walifungiwa kwenye viti, vitambaa na rangi, na Earl alipostaafu mwaka 1958 nafasi yao ikabana zaidi.

Ila ningependa jukwaa hili lilishike jina la McKinley Thompson. Mwaka 1934, akiwa mtoto wa miaka 12 kule New York, aliona gari aina ya DeSoto Airflow la rangi ya fedha likipita, na hapo hapo akajua anachotaka kufanya maishani. Akapitia jeshi wakati wa vita, baadaye akashinda shindano la kuchora la jarida la Motor Trend, zawadi ikawa masomo ya Art Center, chuo cha usanifu cha Los Angeles. Mwaka 1956 Ford wakamchukua, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mbunifu wa magari pale. Alikuwemo kwenye Gyron, gari la magurudumu mawili lililooneshwa 1961, na mchoro wake wa Julai 1963 ulisaidia kuipa Bronco ya kwanza, gari la Ford la njia mbovu, sura yake. Ukiiona Bronco kuukuu, ile ya pembe kali na taa za duara, ni kazi ambayo mkono wake umo.

Thompson alikuwa na mchoro mwingine. Alitaka gari dogo, jepesi, la bodi ya plastiki, litengenezwe katika nchi zinazoendelea, Afrika ikiwa ndiyo shabaha yake. Hoja yake ilikuwa ya kiwandani kabisa: bodi ya bati inahitaji mashine kubwa za kukandamiza zenye gharama ya kutisha, wakati plastiki ya Royalex inafinyangwa kwa joto na vifaa vya bei ndogo, kwa hiyo nchi changa ingeweza kuanza na kiwanda kidogo na kuajiri watu wake. Aliliita Warrior. Ford walijitoa mwaka 1967. Akaendelea na marafiki kwa fedha zao, wakaliunda moja kwenye gereji ya Detroit mwaka 1974. Wafadhili hawakupatikana. Lenyewe liko kwenye makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn, jirani na Detroit. Wakenya mnaoikumbuka Nyayo Pioneer, gari la kuundwa Kenya, iliyooneshwa 1990 ikaishia kwenye magari machache ya mfano, mnajua jinsi inavyokwenda: mchoro unapatikana, gari la mfano linapatikana, mtaji wa kiwanda ndio unaokwama.

Haya, mchoro wako wa mtandaoni. Picha uliyoweka haitoshi. Mwombe muuzaji picha ya mgongo, na nyingine iliyopigwa kwa taa ya pembeni ili mikunjo na unene wa rangi vionekane. Mwombe pia picha ya karibu sana ya sehemu nyeupe ya bampa: rangi ya brashi ina kimo na kingo, chapa ya mashine ina vinukta vinavyojipanga. Tafuta matundu ya pini kwenye kona nne, maana mchoro uliowahi kubandikwa ukutani kwa pini huyaonyesha. Saini isikutie wasiwasi ikikosekana, na isikupumbaze ikiwepo, kwa sababu wazee wengine walitia saini wakiwa wamestaafu, kwa kalamu ya kawaida.

Akisita kupiga picha ya nyuma, achana naye. Akikubali na ukanunua, usiruhusu kioo kiguse chaki, weka kadibodi isiyo na asidi katikati, na kwa unyevu wa Dar usiutundike kwenye ukuta wa nje wala panapopigwa jua. Picha za mgongo zikifika zitupie hapahapa kwenye uzi, nitakwambia ninachokiona.