Mama Bandeji Anajibu: Jezi ya Warburton bado iko kabatini

Toleo lililopita niliwauliza swali moja: ni mchezaji gani wa raga aliyeachishwa na majeraha, na hadi leo ukimkumbuka roho inakuuma? Nilitarajia majina ya vijana wetu wa Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya watu saba kila upande, na yalikuja. Lakini jina lililorudi barua baada ya barua ni la kijana wa Cardiff, Sam Warburton, aliyekuwa nahodha wa Wales. Basi leo ni zamu yake.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: kwa miaka 19 nilibeba mkoba wa huduma ya kwanza na ndoo ya barafu kando ya uwanja kwa klabu moja ya Nairobi. Mimi si daktari. Nimesomea bandeji tu, na shule yangu ilikuwa matope.

Mama Bandeji, hujambo? Mimi ni mwalimu huku Kakamega, miaka 34. Chuoni nilicheza namba saba, yule wa kupora mipira, na wenzangu wakaniita Sam. Siku Warburton alipotangaza kuacha, tarehe 18 Julai 2018, nilikuwa kwenye matatu nikashuka kituo ambacho si changu. Jezi yangu nyekundu ya Wales niliikunja nikaitia chini ya blanketi kabatini, sijaivaa tena. Mke wangu hunicheka, anasema nimefiwa na mtu asiyenijua. Je, mimi ni mjinga? – Sam wa Kakamega

Hujambo, mwalimu. Mkeo ana haki ya kucheka, ila asizidishe, maana mimi siku hiyo niliunguza maharagwe.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa jikoni, simu ikaanza kulia mfululizo kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Ufaransa ilikuwa imechukua Kombe la Dunia la soka siku tatu tu kabla, nikadhani ni yale yale ya Mbappé. Kumbe mtu ameandika: "Sam amestaafu." Prop wetu wa zamani (mmoja wa wale wazito wa mbele), mtu wa kilo 118 ambaye kwenye kundi lile huandika "Amina" na kiasi alichochangia harusi, basi, siku hiyo aliandika, "Mwili umemkatalia." Mwingine akatuma picha ya refa Alain Rolland akiinua kadi nyekundu, bila neno. Mwingine akauliza, sasa mwakani kwenye Kombe la Dunia la raga Japani nani atatuporea mipira? "Atatuporea", alivyosema, kama vile sote tulizaliwa Cardiff. Niliendelea kusoma mpaka harufu ikanifikia.

Umeuliza kama ni ujinga. Mimi nadhani kilichotuuma ni kwamba shabiki wa Warburton hakuwahi kushiba. Hesabu nami. Kombe la Dunia la raga la 2011 alikuwa nahodha wa Wales, umri miaka 22 mashindano yalipoanza. Nusu fainali Eden Park dhidi ya Ufaransa, hata dakika ya 20 haijafika, akamwinua Vincent Clerc hewani na kumwachia. Kadi nyekundu. Wales ikacheza pungufu karibu saa nzima na kufungwa 9-8, pointi moja! Babake Rolland ni Mfaransa, kwa hiyo unaweza kukisia yaliyosemwa kwenye mabaa. Mimi nilisema siku ile na nasema leo: kadi ilikuwa halali. Nimeshawaokota watu walioangushwa namna ile.

Mwaka uliofuata Wales ikazifunga timu zote za Mataifa Sita, yale mashindano ya kila mwaka ya nchi sita za Ulaya. Mechi ya mwisho, Ufaransa hao hao, yeye alitolewa wakati wa mapumziko kwa sababu ya bega. Mwaka 2013 akawaongoza Lions, ile timu inayokusanya wachezaji bora wa Uingereza na Ireland kila baada ya miaka minne, kwenda Australia. Alikuwa na miaka 24. Mechi ya pili msuli wa nyuma ya paja ukachanika, na ya tatu, ile ya kuamua, Lions walishinda 41-16 yeye akiwa nje. Halafu Lions hao hao, New Zealand 2017, mechi ya tatu na ya mwisho. Hapa Nairobi ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Jumamosi, chai mkononi. Kila timu ilikuwa imeshinda mechi moja, na ubao unasoma 15-15. Zimebaki kama dakika mbili, refa Romain Poite anawapa All Blacks, yaani New Zealand, penalti kwa sababu Ken Owens wa Lions ameotea. Kisha wanatazama picha, nahodha wetu yuko pale pale sikioni mwa refa, anazungumza polepole kama mtu anayeomba mkopo, na penalti inageuka skramu, ule msukumano wa wazito wa pande mbili kugombea mpira. Mechi ikaisha sare, na msururu nao sare.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yake ya mwisho, mwalimu, na hakuna aliyejua. Hakupewa mechi ya kuaga, hakuzunguka uwanja akipunga mkono na mtoto begani. Alifanyiwa upasuaji wa shingo, kisha wa goti, msimu mzima ukapita. Akarudi mazoezini Julai, mwili haukumpa alichoutarajia, akatoa taarifa. Mechi 74 za Wales, 49 kati yake akiwa nahodha, rekodi ya nchi yake wakati huo. Tulikuwa tunamsubiri arudi kama mtu aliyetoka kununua mkate.

Na Cardiff nayo ni mji wa ajabu. Geraint Thomas, aliyesoma shule moja na Warburton pale Whitchurch, alishinda mbio za baiskeli za Tour de France tarehe 29 mwezi ule ule. Gareth Bale wa soka naye ni wa shule hiyo hiyo, na ile bao yake ya tikitaka dhidi ya Liverpool ilikuwa Mei. Nikiwa mwalimu wa michezo wa shule ile ningeshindwa kujua Julai ile nilie au nicheke.

Jezi itoe chini ya blanketi kabla nondo hawajaimaliza.

Mama, mimi nitasema ukweli ambao wengine wanaogopa. Miaka 29 si ya kuacha raga. Kombe la Dunia la Japani lilikuwa limebaki mwaka mmoja. Angepumzika, angechagua mechi chache, angetupatia kombe. Wachezaji wa siku hizi ni laini, mishahara mikubwa, shingo ndogo. – Mkweli, Umoja, Nairobi

Kaka yangu, vuta kiti.

Umewahi kupora mpira kwenye raki? Ngoja nikueleze kazi hiyo inavyofanyika, maana kwenye televisheni inaonekana kama mtu anayeokota sarafu. Mtu amekabwa, yuko chini na mpira. Una sekunde moja, ukibahatika mbili, kabla wenzake hawajafika. Unasimama juu yake umepanua miguu, umekunja kiuno, mikono yote miwili iko kwenye mpira, na kichwa kimeshuka hadi usawa wa magoti ya watu wanaokuja mbio. Wana kilo 110, wengine 120, na wametumwa kitu kimoja: kukung'oa. Huwaoni. Huwezi kujikinga, kwa sababu mikono ina kazi. Ukiachia upesi, umepona na umekosa penalti. Ukishikilia, refa anapuliza filimbi upande wako na sisi tunaruka juu. Warburton alikuwa hodari kwa sababu hakuachia. Sifa ile tuliyompendea ndiyo iliyomfikisha mezani kwa daktari, hakuna njia ya kuzitenganisha. Tangu Julai 2024 sheria za dunia zimepiga marufuku ule mtindo wa kumkumbatia mporaji na kujiviringisha naye hadi chini, uliovunja magoti ya wengi. Yeye alikuwa ameacha miaka sita nyuma.

Sasa nikusimulie la kwetu. Tulikuwa na namba saba wetu, simtaji kwa sababu jarida hili analisoma. Mwaka 2014, mechi ya nyumbani, kipindi cha pili, akaja kando ameshika kiwiko cha kulia, uso umekuwa wa rangi ya majivu. "Mama, mkono unawaka." Haukuwa umevunjika. Ulikuwa unawaka kutoka shingoni hadi kidole gumba, kama umepitishiwa umeme. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo kwa watu wengine na nilijua si ya bega. Lakini jukwaani walikuwa wameanza kuimba jina lake, na kocha ananitazama, na mimi, nisikudanganye, niliipenda ile sauti. Nikamfunga bega plasta mizunguko minne. Nakumbuka niliikata kwa meno kwa sababu mkasi ulikuwa umezama kwenye barafu. Nikampulizia dawa ya baridi, nikampiga mgongoni. Akarudi. Akapora mpira mmoja zaidi, tukashinda, tukaimba hadi usiku.

Jumapili asubuhi mkewe akanipigia simu. Mume wake alikuwa ameketi kitandani tangu alfajiri anajaribu kufunga kifungo cha shati la kanisani, na vidole havishiki.

Hakucheza tena. Vidole vilirudi baada ya miezi kadhaa, shingo haikurudi yote. Ukimwona leo akirudisha gari nyuma, anageuza kiwiliwili kizima kama mtu aliyevalishwa ndoo. Huja uwanjani Jumamosi nyingi, hukaa nami, huniletea njugu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na heri angenilaumu.

Kwa hiyo Mkweli, mtu akisikia mwili umekataa, akasema basi kabla sisi hatujaanza kuimba jina lake, mimi neno "laini" halinitoki mdomoni. Na hilo la Japani: Wales walishinda tena mechi zote za Mataifa Sita Machi 2019 bila yeye, Alun Wyn Jones akiwa nahodha, wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kufungwa na Afrika Kusini 19-16. Je, mpira mmoja wa kuporwa ungebadilisha zile pointi tatu? Kundi letu la WhatsApp limelijadili hilo hadi prop wetu akajitoa mara mbili. Mjadala uendelee, lakini shingo haikuwa yetu.

Shikamoo Mama Bandeji. Mimi ni wa Tanga, mpira kwetu ni Coastal Union. Naona watu wanalia kwenye ukurasa wako. Hii raga ndiyo ile ya Wamarekani ya helmeti? – Mgeni

Marahaba, mwanangu, karibu. Siyo. Wale wana helmeti na husimama kila mara kupanga mambo. Hawa hawana helmeti na hawasimami. Pasi ni ya nyuma au ya kando, mbele hairuhusiwi, ndiyo maana inachosha hata kuitazama. Anza na ile ya watu saba kila upande, dakika 14 tu, inaisha chai haijapoa. Ukinogewa, njoo kwenye ya 15.

Mama Bandeji, mimi ni mama wa mvulana wa kidato cha tatu hapa Eldoret. Anacheza namba saba. Wiki mbili sasa namwona anakula ugali kwa mkono wa kushoto. Nilipombana alikiri kuwa akigongwa shingoni, mkono wa kulia unaingia ganzi. Ameniapisha nisimwambie kocha, mashindano ya shule yamekaribia. Ukutani amebandika picha ya huyo Warburton wenu. Nifanyeje? – Mama mwenye hofu

Dada, kiapo hicho kivunje leo, kabla ya chakula cha jioni. Barua yako ndiyo niliyoisoma mara tatu.

Asicheze, na asifanye mazoezi yoyote ya kugongana, hadi daktari aseme. Asicheze "kidogo", wala asicheze kipindi cha pili tu. Mpeleke hospitali yenye daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu. Na ukifika pale usiseme "mtoto anaumwa mkono", maana watapiga picha mkono na kukurudisha nyumbani na dawa za maumivu. Sema hivi: "Anagongwa shingoni kwenye raga, ganzi inashuka mkononi, na imejirudia." Mwambie mtoto aseme mwenyewe ni kidole kipi hasa kinachopoteza hisia, wanajua, ila hawaulizwi. Na ikitokea siku yoyote, kwake au kwa mwenzake, ganzi ikaingia mikono yote miwili au miguuni, au akashindwa kuinua mkono, au mfupa wa shingo ukauma ukiguswa, asiinuliwe, asikalishwe, asivuliwe jezi. Abaki alivyo hadi waje wenye machela na kola ya shingo. Wenzake watataka kumsimamisha ili apigiwe makofi. Simameni njiani.

Picha usiibandue. Atakuchukia bure, na mtu aliye kwenye picha hana kosa. Mwambie tu kuwa huyo alipasuliwa shingo, na alipoacha alirudi kwa muda Wales kuwafundisha wengine kazi ya kupora kwenye raki. Kwa hiyo kazi ya namba saba inaweza kufanywa hata na aliyevaa viatu vya kawaida. Kama mwalimu wa michezo ana akili, atampa daftari akae kando ahesabu mipira iliyoporwa. Wetu nilimpa daftari. Alikataa wiki tatu, ya nne akaniomba kalamu.

Jambo la mwisho. Daktari akiandika barua ya kumzuia asicheze, usimpe mtoto aipeleke shuleni. Nimewahi kuvua kiatu cha kijana aliyeumia nikakuta barua kama hiyo imekunjwa chini ya soli, ina tarehe ya mwezi uliopita. Panda boda mwenyewe, uitie mkononi mwa kocha.