Kabla hujatuma hela ya hiyo Land Rover, itazame uvunguni

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu wa Chake. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umeona Land Rover 109 inauzwa mtandaoni, iko Tanga, picha nane, mwenyewe ameandika kuwa ni ya mwaka 1968, dizeli, "chesisi safi, imepakwa lami mpya chini". Anataka umtumie milioni moja ili asiwauzie wengine, nawe unauliza utume au usitume.

Usitume. Wallahi usitume leo. Mimi nilituma, ndiyo maana nimekaa kukuandikia yote haya.

Mwaka 2012 nilinunua yangu ya mwanzo kwa kutazama picha tu. Gari iko Unguja, mimi niko Wete, nikaona nauli na siku mbili za kuacha kazi ni hasara. Picha zilipigwa jioni, gari imekoshwa, kijani chake kinang'aa, taa zote nzima. Na injini ilikuwa nzuri kweli, sitasema uongo. Ilishuka bandarini Mkoani, nikaiendesha hadi nyumbani naimba njia nzima. Ukaja msimu wa karafuu. Siku ya nne ya kubeba magunia kutoka Mtambwe, tuko kwenye mlima, nikasikia nyuma mlio kama tawi la mwembe linakatika, gari ikalala upande. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha chesisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari yote. Fundi akaingia chini na bisibisi, akaisukuma kwa mkono mmoja, ikazama mpaka mpini. Chuma kilikuwa kimekwisha zamani, lami ndiyo iliyokuwa ikishikilia kutu isidondoke.

Baadaye nikaelezwa na mtu wa Paje kwamba gari ile kwa miaka ilikuwa ikibeba mwani. Mwani mbichi, umetoka majini sasa hivi, unachuruzika maji ya chumvi nyuma ya gari kila bamvu. Yule aliyeniuzia hakunidanganya neno. Sikumuuliza ilikuwa ikibeba nini.

Basi hilo ndilo swali la mwanzo la kumuuliza huyo wa Tanga, kabla ya injini na kabla ya bei: gari imefanya kazi gani, na ilikuwa ikilala wapi? Gari iliyobeba samaki, mwani au mchanga wa pwani, au iliyokuwa ikishusha mashua baharini, ina ugonjwa ndani hata kama haionyeshi. Tanga nako ni pwani kama kwetu, upepo wa chumvi ni ule ule. Gari iliyokulia Dodoma au Singida kwa kawaida chesisi yake huwa na hali bora zaidi. Ila zile zilizofanya kazi mbugani zina balaa lao: barabara za mawimbi mawimbi huzipasua chesisi kwenye maungio, utaona mistari ya kuchomelea juu ya kuchomelea.

Sasa kwa nini picha za bodi zinadanganya kuliko kitu chochote kwenye Land Rover? Ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, wakatumia bati la aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Kwa hiyo bodi inaweza kukaa miaka hamsini ikang'aa kwa rangi moja tu ya dukani, huku chini yake chesisi ya chuma imeoza. Na chesisi yenyewe ni boksi, ina uwazi ndani. Maji na mchanga huingia, hukaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ukija kuona tundu kwa macho, ujue ukuta wote wa pale umeshakuwa karatasi.

Na usidanganyike na sumaku. Wengi hutembea nayo kutafuta puti, ile ya kuzibia mabonde na matundu ya bodi, chini ya rangi. Kwenye Land Cruiser za zamani, zile za mwaka 1960 hadi 1984, sumaku inafaa maana bodi ni ya chuma (isipokuwa paa la baadhi yao, ambalo ni faiba). Kwenye bati la Land Rover haishiki mahali popote, pawe na puti au pasiwe nayo. Pale utumie mkono na sikio, ugonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Sumaku iwekee vile vipande vya chuma: fremu za milango, sehemu ya miguu ya dereva na abiria, na ule ukuta unaotenga injini na dereva. Pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwa hewa yetu hii ya bahari, hutoka unga mweupe na rangi inafura kama malengelenge. Ukiona malengelenge kando ya boliti au ukingoni mwa mlango, hiyo ndiyo kazi ya chumvi.

Mwombe mwenye gari picha na video nyingine, na umwambie kwa adabu kwa nini unazitaka. Boriti ya mwisho ya chesisi, ile ya nyuma kabisa inayobeba ndoana ya kuvutia: mbele yake, nyuma yake na chini yake. Vishikio vyote vya springi, vinane. Mikono ya chesisi inayotoka pembeni kubeba bodi, khasa ile iliyo chini ya miguu ya dereva. Sehemu ya chesisi iliyo juu ya ekseli ya nyuma, ambako matope hukaa. Kisha achukue nyundo ndogo agonge chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma huku video inaendelea bila kukatwa, ianzie kwenye namba ya gari. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali, kilichooza kinalia "du" kama kugonga gunia. Hata kwenye simu utaisikia tofauti.

Hiyo lami mpya ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaandika. Lami iliyopakwa miaka kumi iliyopita na bado ipo ni heri. Iliyopakwa wiki ya kuuza, maana yake kuna mtu aliyeangalia kule chini akaona bora kupafunika. Huenda alikuwa na nia njema. Lakini huwezi kuijua chesisi bila kuikwangua mahali pawili patatu, na hilo halifanyiki kwa picha.

Kwa hiyo unahitaji fundi, na asiwe wa mwenye gari. Mlipe siku yake na nauli yake kabla hajaiona gari, ili ulipe jicho lake bila kujali kama utanunua. Gari ipelekwe gereji yenye shimo, afike asubuhi na injini iwe haijawashwa. Aanze kwa kugusa boneti: ikiwa ya moto, mtu ameshaipasha ili iwake kirahisi, mwenye gari airudishe kesho. Kwa dizeli ile ya lita 2.25, asubuhi inataka zile plagi za kupasha moto. Kwenye nyingi za zamani zimeungwa kwa mfululizo, moja ikifa zote hazifanyi kazi. Kwa hiyo ikikataa kuwaka usiikatae papo hapo, inaweza kuwa plagi moja tu. Moshi wa buluu usioisha baada ya kupata moto ni oili inaungua, moshi mweusi mwingi ni nozeli au chujio la hewa. Afungue kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka: ikipuliza kama birika, ringi zimechoka. Akiona uji kama wa maziwa chini ya kifuniko, maji yamechanganyika na oili. Oili kudondoka kidogo kidogo kwa gari ile si jambo. Tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele likiwa limeliwa vishimo na kutu, litavuja hata ukibadilisha sili kila mwezi.

Four-wheel, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, aijaribu kwenye mchanga, kamwe si juu ya barabara ya lami. Kile kitufe cha manjano kibonyezwe, gari iondoke, atazame kama gurudumu la mbele linavuta. Breki na usukani naviacha kwa fundi wako, anajua kazi yake.

Injini naisema kwa ufupi kwa makusudi. Nilishabadilisha injini mbili na gia boksi moja, spea za hizi gari zinapatikana, ukikosa Mwanakwerekwe kule Unguja utapata Gerezani, Dar es Salaam. Chesisi ya gari yangu ya mwanzo ilinila karibu sawa na bei niliyonunulia, na mpaka leo haijanyooka vizuri.

Kuhusu huo mwaka 1968. Kwenye picha yako ya tano saa za dashibodi, zile za kuonyesha mwendo na mafuta, ziko mbele ya dereva. Land Rover za mwaka 1968 zilikuwa na saa hizo katikati ya dashibodi. Kuhamia mbele ya dereva kulikuja na Series III, yaani toleo la tatu, iliyotoka mwaka 1971 mpaka 1985. Basi ama mwaka aliouandika si sahihi, ama dashibodi imebadilishwa. Inawezekana mwenyewe hajui, gari hizi zimepita mikono mingi. Fundi aangalie na gia: Series III gia zote nne za mbele zinaingia laini, ya zamani zaidi moja na mbili zinalalamika gari ikiwa bado inatembea. Apime pia kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, 109 ya kweli ni inchi 109, kama sentimita 277.

Hilo la mwaka lina uzito kwa sababu ya kadi ya usajili wa gari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Ikwanguliwe, isomwe, ilinganishwe na kadi herufi kwa herufi. Namba ya injini pia, maana nyingi zimeshatiwa injini za Kijapani na kadi haikubadilishwa. Jina la kwenye kadi liwe la huyo unayezungumza naye, au awe na karatasi za kueleza kwa nini si lake. Na kwa kuwa ni gari ya namba T, yaani ya Bara, inayokuja kukaa Pemba, nenda mwenyewe ofisi ya mapato hapo Chake ukaulize usajili na malipo kabla ya kukubaliana bei, ukaongeze na gharama ya kuivusha kwa meli. Nimeona watu wakimaliza hela yote kwenye gari, ikakaa bandarini inasubiri.

Sasa mpigie huyo bwana. Mwambie unaitaka, na kwamba fundi wako atakuja kuitia shimoni na kuikwangua lami sehemu tatu, kisha ataipaka tena kwa gharama yako. Mimi ya pili niliinunua hivyo hivyo mwaka 2016, mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Korogwe, akakubali kabla sijamaliza kusema, na ndiyo ninayobebea karafuu mpaka sasa. Huyu wako akikubali, nijibu hapa hapa na uniwekee picha ya boriti ya nyuma na ya miguuni kwa dereva. Nina fundi Wete ambaye nduguye anafanya kazi Tanga mjini, nitamwomba aende.