Inchi 7 za rangi: kusoma sawa, noti ni kazi

Dada, umeuliza kama tableti ya wino wa kielektroniki (skrini inayofanana na karatasi) ya rangi, inchi 7, itakutosha kusoma kwenye matatu na kuandika noti za sheria darasani. Kusoma, ndiyo. Noti, hapo nina shaka.

Nyingi za aina hii, Kobo Libra Colour ikiwemo, hutumia skrini ya Kaleido 3: maandishi meusi nukta 300 kwa inchi, rangi 150 tu. Kichujio cha rangi huifanya iwe ya kijivukijivu, kama gazeti la jana. Juani pale stejini utasoma bila taabu. Kwenye matatu jioni utawasha taa yake, na chaji itaisha mapema.

Shida hasa ni PDF. Hukumu iliyopangwa kwa A4 ukiibana kwenye inchi 7, tanbihi hazisomeki. Kila aya utavuta na kusogeza, na skrini hizi huburuta polepole. Kama masomo yako mengi ni PDF, afadhali inchi 10 isiyo na rangi. Rangi yenyewe utaitumia kupigia mistari tu.

Kalamu ya Kobo huuzwa kando. Na ukiipata tableti yenyewe Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, usibebe boksi likiwa limefungwa: omba iwashwe, ingiza hukumu moja yako, uandike pembeni kwa mwandiko wako wa haraka.