Kabla hujanunua chochote, piga magoti mlangoni

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa darasa la awali hapa Dodoma, kazi yangu kubwa ilikuwa kupamba. Nilinunua mabango mjini nikabandika ukuta mzima, A ya ananasi mpaka Z ya zabibu (zabibu ni zetu, kwa hiyo nilijiona nimemaliza). Meza nikazipanga mistari minne zikitazama ubao. Wageni walisifia. Wiki ya tatu kalamu ikanidondoka, nikapiga magoti kuitafuta, na nilipoinua macho kutoka kule chini sikuona bango hata moja vizuri. Niliona migongo ya viti, na miguu ya watoto ikining'inia kama nguo kwenye kamba.

Tangu siku hiyo, mwalimu mwenzangu akiniuliza aanzie wapi, namwambia apige magoti mlangoni na azunguke chumba hivyohivyo. Asichokifikia kwa mkono, mtoto naye hakifikii. Na asichokifikia mtoto ni pambo, hata kama umekinunua kwa bei mbaya.

Viti kwanza. Mtoto akikaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Kwa wa miaka mitatu hadi minne, kiti cha sentimita 26 na meza ya 46 vinafaa. Wakifika mitano au sita, kiti 31 na meza 53. Mwandikie fundi vipimo kwenye karatasi, maana ukimwambia "vidogo" tu atakuletea vigoda vya jikoni. Hela ikikosekana, tandika majamvi. Jamvi ni bora mara mia kuliko kiti kinachomfanya mtoto aelee.

Halafu rafu, na hapa ndipo nawaomba mtulie. Rafu iwe wazi, bila milango wala kufuli, isipite kifua cha mtoto. Kila kazi, yaani zana za shughuli moja, iwe kwenye sinia yake, na juu ya ubao wa rafu chora umbo la kitu kinachokaa pale, ili asiyejua kusoma ajue pa kukirudisha. Mwanzoni nilijaza. Nilidhani wingi wa zana ni utajiri, kumbe watoto walikuwa wanachota kama wanachota mchanga, wanamwaga, wanahamia kwingine. Nilipobakiza kazi kumi na mbili, nyingine nikaziweka kwenye ndoo stoo, ziwe za kubadilishia kila wiki mbili, kelele zilishuka zenyewe bila mimi kupandisha sauti.

Sasa kona. Nilikosea kuweka kona ya ujenzi jirani na ya vitabu, na kila ghorofa lilipoanguka msomaji alishtuka akalia. Zenye kelele zikae pamoja, vitabu viende pembeni penye mwanga wa dirisha, maji na rangi ziwe karibu na mlango. Kuzuia msongamano, nimepigilia misumari minne kwenye kila kona, ikiwa usawa wa macho yao. Kila mtoto ana kibao chenye picha yake, akiingia anakitundika. Misumari ikijaa, kona imejaa. Sijawahi tena kuamua ugomvi wa "mimi nilikuwa wa kwanza".

Najua utasema una watoto hamsini na chumba ni kimoja. Mwongozo wa serikali unataka watoto 25 kwa mwalimu, na sote tunajua hali ilivyo. Mimi hutoa nusu ya kazi nje, chini ya mwarobaini. Mchanga na maji hukaa huko moja kwa moja. Maji yenyewe, kwa mgao wetu, ni ndoo moja kwa siku: yanamiminwa, yanapimwa, yanaoshea brashi, mwisho yanamwagiwa mti. Miezi ya upepo, Juni mpaka Septemba, vumbi jekundu linaingia hata dirisha likifungwa, kwa hiyo kufuta rafu nako ni kazi yenye sinia yake: kitambaa, kibakuli, kibrashi. Ndiyo kazi inayogombewa kuliko zote. Usiniulize kwa nini nyumbani hawafuti.

Zana nyingi hazihitaji duka. Mabua ya mtama ya kupanga kwa urefu, vizibo, mbegu za ubuyu za kuhesabia, udongo wa kufinyanga, madumu yaliyokatwa. Darasani kwangu, kona ya kuigiza nyumbani ilikuwa ya sufuria za plastiki mpaka bibi mmoja alipokuja kumchukua mjukuu wake. Baada ya mbukwa, salamu ya Kigogo, na habari za asubuhi aliitazama, akauliza, "Mwalimu, hawa wanapika bila ungo?" Kesho yake alileta ungo, mwiko na kibuyu, akakaa saa nzima akiwaonyesha kupeta. Kibuyu hakijavunjwa hadi leo, kwa sababu wanajua kinavunjika.

Ila mbegu zina mambo yake. Niliwahi kuzungushwa nusu siku na kunde iliyoingia puani mwa mtoto. Kwa wa chini ya miaka mitatu, kitu kinachopita kwenye kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni hakikai darasani. Wakubwa nao wahesabu mbegu wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha.

Kitu kimoja nakushauri uchongeshe kwa umakini: mnara wa pinki. Ni zana ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Ni michemraba kumi, mdogo una sentimita 1 kila upande, mkubwa 10, yote rangi moja ili mtoto aongozwe na ukubwa peke yake. Akikosea, mnara unamwonyesha mwenyewe. Mwalimu hana haja ya kusema "siyo hivyo". Fundi wangu wa kwanza alikata kwa macho. Wa sita na wa saba wakatoka karibu sawa, watoto wakabishana siku mbili, na kwa kweli wote walikuwa sahihi. Nilirudisha kazi. Nenda na rula, pima mbele yake.

Ule wa sentimita 1 utapotea. Wangu ulipotea mwezi wa pili, na fundi akanichongea mwingine kwa kipande cha mninga bila rangi, kinyume kabisa na kanuni niliyoieleza hapo juu. Watoto wanauita "kahawia" na hawauweki kileleni mpaka wote waliokaa jamvini wawe wanatazama.