Nyimbo za kwanza za aidoru wa Japani: usiusikilize wa kwanza bila wa pili

Ndugu yetu aliyefungua uzi huu ameuliza mambo mawili: aanze na nyimbo zipi za kwanza za waimbaji wa kike wa pop wa Japani, wale wanaoitwa aidoru, na kwa nini wimbo wa kwanza wa Nakamori Akina umemfanya adhani amepakua wa mtu mwingine. Naomba nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo linalofungua la kwanza.

Mimi aidoru niliwajulia ndani ya gari la mtumba. Shemeji yangu alipotoa Toyota yake bandarini Dar es Salaam, redio yake iliishia 90 FM, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotoka Japani, kwa hiyo vituo vingi vya kwetu havikushika. Tulichosikiliza kwa miezi miwili ni CD ya mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 ambayo mwenye gari wa kwanza aliisahau humo. Baadaye nilikwenda kusoma Nagoya, na Jumamosi zangu nyingi ziliishia katika maduka ya mitumba ya Osu, nikipekua santuri ndogo za inchi 7. Ya kwanza niliyonunua ilinishinda kuipiga. Tundu lake la katikati ni pana, na linahitaji kipande cha plastiki cha kulijaza, jambo ambalo sikulijua. Niliiweka kwa kukadiria, ikazunguka ikiyumba, na sauti ya binti ikawa inapanda na kushuka kama ya mtu anayeimba akiwa ndani ya ngalawa.

Santuri hiyo ilikuwa "Toshigoro" ya Yamaguchi Momoe, iliyotoka tarehe 21 Mei 1973, wakati yeye ana miaka 14. Alikuwa ametokea katika shindano la televisheni la "Star Tanjō!", na wimbo ulibeba jina la filamu aliyoanza nayo. Katika chati ya Oricon, orodha ya mauzo ya muziki ya Japani, uliishia nafasi ya 37. Miezi michache baadaye ukaja "Aoi Kajitsu", wenye maneno ya kuthubutu mno kwa umri wake, ambamo msichana anamwambia mpenzi wake kwamba akitaka, yuko tayari kwa lolote. Huo ukafika nafasi ya 9. Binafsi maneno hayo katika kinywa cha mtoto wa miaka 14 hunikera mpaka leo, lakini siwezi kukana kwamba hapo ndipo Wajapani walipogeuka kumtazama. Mashairi ya nyimbo zote mbili ni ya Senke Kazuya na muziki ni wa Tokura Shunichi, kwa hiyo wanaosema kwamba kampuni ilibadilisha watunzi baada ya kushindwa, hapa hawana hoja. Watunzi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna walivyomwona mwimbaji wao.

Matsuda Seiko ni kisa kingine, tena chenye kichekesho chake. "Hadashi no Kisetsu", wimbo wake wa kwanza wa tarehe 1 Aprili 1980, ulitumika katika tangazo la sabuni ya uso ya Shiseido iliyoitwa Ekubo, neno lenye maana ya vishimo vya mashavuni, yaani dimpozi. Seiko alikwenda kufanyiwa majaribio ya kuonekana katika tangazo hilo, akakosa kwa sababu dimpozi hana. Basi sauti ikachukuliwa, uso ukawa wa msichana mwingine. Watu wakausikia wimbo nyumbani kwao bila kumjua mwenye sauti, nao ukafika nafasi ya 12. Mwezi Julai ukatoka "Aoi Sangoshō", wa Miura Yoshiko na Oda Yuichiro walewale walioandika wa kwanza, ambao hauna subira hata kidogo: unaanza moja kwa moja na kiitikio, sauti ikiwa juu kabisa. Huo ulifika nafasi ya 2, na wa tatu, uliotoka Oktoba mwaka huohuo, ukashika nafasi ya 1. Nyimbo zilitoka kwa mfuatano wa miezi mitatu mitatu, kwa hiyo wa kwanza ulikuwa kama kipimo cha fundi cherehani kabla ya nguo kukatwa.

Sasa Akina. Ndugu yetu amemzoea yule mwenye sauti nzito na macho makali, kisha akakutana na "Slow Motion" ya tarehe 1 Mei 1982, ambamo msichana anacheza peke yake mchangani, anageuka, anaona mtu kwa mbali akija mbio ufukweni. Mashairi ni ya Kisugi Etsuko na muziki ni wa mdogo wake wa kiume, Kisugi Takao. Uliishia nafasi ya 30. Akina yule mkali alizaliwa Julai, katika "Shōjo A", ulioandikwa na watu wengine na kufika nafasi ya 5. Hata hivyo wimbo wake wa tatu, "Second Love", ulirudishwa kwa dada na kaka hao wa Kisugi, nao ndio wa kwanza kumpa nafasi ya 1. Kwa hiyo ule upole uliokushangaza haukuwa kosa. Ulikuja mapema tu, kabla watu hawajampa nafasi ya kusikilizwa.

Wapo waliolenga kwa jiwe la kwanza. Minami Saori, binti wa Okinawa, alitoa "17-sai" mwezi Juni 1971, karibu mwaka mzima kabla Okinawa haijarudishwa Japani kutoka mikononi mwa Marekani, na ukafika nafasi ya 2. Pink Lady, kundi la mabinti wawili, walitoa "Pepper Keibu" Agosti 1976, ukafika nafasi ya 4. Muziki ni wa Tokura yuleyule wa Momoe. Kwa upande mwingine, Candies, kundi la mabinti watatu, walianza mwaka 1973, na wimbo uliowatoa hasa ulikuwa wa tano, mwaka 1975, baada ya mmoja wao, Ran, kuwekwa katikati kama mwimbaji mkuu badala ya mwenzake Sue.

Ukitaka wa miaka ya karibuni zaidi, utafute "Ai no Tane" ya Morning Musume. Wasichana watano walioshindwa katika shindano la televisheni waliambiwa wauze nakala 50,000 kwa mikono yao wenyewe ndani ya siku tano ili wapewe mkataba. Walimaliza siku ya nne, wakiwa Nagoya, mwezi Novemba 1997. Ni CD ndogo ya sentimita 8, katika kasha refu jembamba. Kuweni makini mkiinunua, kwa sababu baadhi ya wenyewe walilikunja kasha katikati wakalikata nusu ya chini, na nakala ya namna hiyo bei yake haipaswi kuwa sawa na ya nzima.

Kwa hiyo ndugu, weka "Toshigoro" na "Aoi Kajitsu", "Hadashi no Kisetsu" na "Aoi Sangoshō", kisha nyimbo tatu za Akina kwa mpangilio wa tarehe zake. Ukishafika "Second Love", irudie "Slow Motion", halafu utuambie hapa kama bado unaona ni ya mtu mwingine.