Anayekataa naye ahesabiwe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, sheria imlazimishe kila Mkenya kupiga kura? Jibu langu ni hapana, na sababu yangu iko pale mezani kura zinapohesabiwa.

Kituo kikishafungwa saa kumi na moja jioni na foleni kuisha, msimamizi hufungua debe, akachukua karatasi moja moja na kuwaonyesha mawakala. Iliyowekwa alama kwa wagombea wawili, isiyo na alama, yenye maandishi ya kumtambulisha aliyeipiga: zote huwekwa kando kama kura zilizokataliwa. Idadi yake inajazwa kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, basi. Mwaka 2013, kura za aina hiyo zilipozidi laki moja katika urais, Mahakama ya Juu iliamua zisiingie katika hesabu ya asilimia 50 na kura moja anayohitaji mshindi wa urais. Kwa hiyo mtu akiburutwa hadi kituoni na kutumbukiza karatasi tupu kwa kuwa hamtaki yeyote, mshindi hapungukiwi na chochote.

Ndiyo maana siwezi kuisahau Oktoba 26, 2017, siku ya marudio ya uchaguzi wa urais. Agosti 8 mwaka huo, karibu watu 79 katika kila 100 waliojiandikisha walipiga kura. Septemba 1 mahakama ikafuta matokeo ya urais. Oktoba 10 mgombea wa upinzani, Raila Odinga, akajiondoa, ingawa jina lake lilibaki kwenye karatasi. Siku ya marudio mpiga kura alipewa karatasi moja badala ya sita za Agosti, na waliojitokeza hawakufika hata 40 kwa kila 100. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 98. Ukiisoma hiyo 98 peke yake, utadhani nchi nzima ilikuwa kauli moja. Ukiiweka kando ya idadi ya waliobaki nyumbani, unaiona nchi iliyopasuka katikati. Sheria ya lazima ingetunyima hiyo nambari ya pili, na wasiotaka kuchagua wangeishia kwenye rundo la kura zilizokataliwa.

Lakini siku hiyo hiyo inanisuta. Katika sehemu kubwa ya Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori uchaguzi haukufanyika. Uliahirishwa hadi Oktoba 28, kisha ukaahirishwa tena. Katika kaunti hizo nne, nani alisusia kwa hiari yake na nani alikuwa tayari kwenda lakini akaogopa ghasia barabarani? Hakuna fomu inayotuambia. Hata mwaka wa amani, asiyeonekana kituoni anaweza kuwa amekataa, au ni muuguzi wa zamu, au bawabu wa Nairobi aliyejiandikisha kwao Busia na hana nauli. Kwetu kura hupigwa kwenye kituo ulichojiandikisha tu, basi wote hao wanahesabiwa kama kitu kimoja: hawakuja.

Australia, yenye sheria hii tangu 1924, ilitoka chini ya asilimia 60 mwaka 1922 hadi zaidi ya 91 mwaka 1925. Anayekosa huandikiwa barua aeleze sababu. Asipokuwa nayo ya kutosha, faini ya uchaguzi wa kitaifa ni dola 20. Lakini serikali nayo humfuata mpiga kura: uchaguzi ni Jumamosi, kuna kura za mapema na za posta, na unaweza kutumia kituo chochote ndani ya jimbo lako.

Kwa hiyo hapana yangu imelegea. Nitakubali lazima, mradi bawabu yule aweze kupigia kura Nairobi alipo, na kila karatasi iwe na mstari wa mwisho wa "simtaki yeyote", wenye safu yake kwenye Fomu 34A na unaohesabiwa katika asilimia 50 na kura moja. Bila hayo mawili, faini isitozwe hata shilingi.